Filamu ya Ghala Haipigwi Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nina hasira, na mwenye hasira asipoandika atamrushia mtu pasi ya moto. Aliye karibu ni Mpiga Pasi wangu hapa dobini, ambaye kosa lake pekee ni kucheka.

Mvua zimeanza leo. Kamba za uani hazina kazi tena. Mashuka ya nyumba ya wageni tumeyaanika ndani mpaka tunapishana kwa kuinama, na mashine ya kukaushia ni moja tu, nayo ina maringo. Katika purukushani hiyo akaingia kaka, mwavuli unamwaga maji kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akasema ana habari njema. Filamu ya Ghala imetolewa upya.

"Imesafishwa," akasema. "Picha safi, sauti safi. Ukiiona utadhani siyo ile."

Sasa kama nitadhani siyo ile, habari njema iko wapi?

Wale Wanne ni bendi ya Kizungu ya magitaa, ya zamani. Baadaye walijaza viwanja vya mpira, lakini kabla hawajajulikana kuna mtu aliwapiga filamu jioni moja wakitumbuiza ndani ya ghala la nafaka, magunia yamesukumwa pembeni. Majina yao halisi tunayajua, ila hatuyatumii. Mwimbaji ni Filimbi, kwa ile sauti yake nyembamba. Mpiga gitaa ni Kidole. Wa besi ni Bubu, kwa kuwa hajawahi kufungua mdomo mbele ya kamera, na wa ngoma ni Nyundo. Kaka ndiye aliyenifundisha majina hayo nikiwa darasa la tatu na yeye ameshaota ndevu mbili tatu. Leo ndiye mwenyekiti wa Kikundi chetu cha wapenzi wa bendi, na tangu astaafu ualimu mwaka jana hana kingine kinachomtoa nyumbani.

Nimemwambia nitaiona. Sikumwambia nitaipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mashati ya watu wa benki yote yamepata uvundo. Nimeyarudia.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mpiga Pasi ameniuliza inakuwaje mwanamke mzima ananuna wiki nzima kwa ajili ya vijana wenye nywele ndefu ambao sasa ni mababu. Nimemwambia apige pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiona. Tulikuwa watatu sebuleni kwa kaka: yeye, mimi, na Katibu wa Kikundi, ambaye kazi yake ni kung'oa watu meno na ana upole ule ule wa kukwambia haitauma.

Nianze na haki yao. Picha ni nzuri. Kanda yetu ya zamani ina giza kama chungu, lakini humu unaona mpaka jasho kwenye shingo ya Kidole. Nikajiambia labda nimekuwa mkaidi bure.

Halafu wakaanza kupiga.

Katika ile ya zamani Nyundo anahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye nne kijiti kinamponyoka. Anapiga nusu ya wimbo kwa mkono mmoja, macho yamemtoka, mpaka mtu usiyemwona anamrushia kijiti kingine. Katika hii mpya kijiti hakianguki. Wamekata. Katika ile ya zamani Filimbi anasahau ubeti wa pili, basi anarudia ule wa kwanza kwa hasira zaidi, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Katika hii anaimba ubeti wa pili vizuri kabisa, ila sauti ni ya mzee aliyekwisha kushiba sifa, imebandikwa kwenye mdomo wa kijana mwenye njaa. Kidole, ambaye wimbo mzima huwapa watu mgongo kwa sababu amebandika nota zake kwenye spika, sasa anatazama mbele. Wamechukua picha ya wimbo mwingine wakaipachika.

Kubwa kuliko yote ni makofi. Mtu aliyeitazama kanda ya zamani anajua kwamba ghala lilikuwa nusu tupu. Makofi ni machache, unaweza kuyatofautisha, kuna hata mmoja anayechelewa kila mara. Sasa wameweka makofi ya uwanja mzima. Nilipoyasikia nilihisi nimetukanwa mimi.

Mimi naipenda filamu hii kwa sababu ya ule utupu. Vijana wanne hakuna anayewajua, watu wamekuja wachache, hakuna aliyewaahidi kitu, na wanapiga kana kwamba wakisimama watakufa. Hilo ndilo la kutazama. Baadaye walipokuwa matajiri walipiga vizuri zaidi, nani anabisha? Ila kupiga vizuri mbele ya umati unaokupenda hata mimi ningejitahidi. Kuna nguo ukiipiga pasi unaiua, kila dobi anajua, na hii wameipiga pasi mpaka inang'aa.

Na "Leta maji" haipo.

Hili nalo nieleze. Filamu ilipofika mara ya kwanza mji huu, aliyeiazima ni mjomba wetu, mpiga picha za harusi. Hakuwa na waya wa kunakilia, kwa hiyo alisimamisha kamera yake mbele ya televisheni ya nyumbani kwetu akairekodi kutoka kwenye kioo. Kanda zote za Kikundi ni watoto na wajukuu wa kanda ile. Kwenye wimbo wa tatu spika inaanza kufuka moshi. Filimbi anageuka, anafungua kinywa, na unasikia, hafifu lakini wazi, "Leta maji!" Kwa Kiswahili. Kaka na mimi tulikuwa pale sebuleni siku ile, tukatazamana kama walioteremshiwa ujumbe. Baadaye hadithi ikazuka kwamba Filimbi aliwahi kupanga chumba na mtu wa kwetu. Mpaka leo, Kikundi kikikutana, moshi ukitoka tu tunasimama sote na kupiga kelele, "Leta maji!" Watu wazima, mmoja na magongo yake.

Katika hii mpya Filimbi anageuka, anafungua kinywa, na hakuna kitu. Gitaa tu.

"Labda hakusema," kaka akasema.

"Wewe ndiye uliyenifinya siku ile ukaniambia umesikia?"

"Dada, sauti ikirekodiwa upya mambo kama hayo hupotea," Katibu akasema. "Ni kawaida."

Nimevaa viatu nikaondoka. Hata chai sikunywa.

Alhamisi, 13 Machi

Pale dobini redio haizimwi. Leo kwenye kipindi cha muziki wa zamani mtangazaji ameuliza wasikilizaji wanaonaje toleo jipya la Filamu ya Ghala. Wa kwanza akasema safi. Wa pili akasema safi sana. Nikafuta mikono nikapiga simu.

Nakumbuka nilichosema kwa sababu Mpiga Pasi amekuwa akikirudia tangu hapo. Nilisema: "Hilo toleo ni udanganyifu. Wamewajazia ukumbi watu ambao hawakuja. Na neno moja la Kiswahili ambalo Filimbi aliwahi kulisema maishani mwake, 'leta maji', wamelifuta. Wamelifuta kwa sababu ni letu."

Mtangazaji alisema, "Duh, mama!" Mpiga Pasi alipiga makofi mpaka akasahau pasi juu ya suruali ya mteja. Tumeiokoa.

Ijumaa, 14 Machi

Kila mteja anayeingia anasema "Leta maji!" badala ya hodi. Najisikia mbunge.

Jumapili, 16 Machi

Kaka amekuja nyumbani baada ya chakula cha mchana. Amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, jambo ambalo si kawaida yake. Kwetu hukaa na miguu juu.

Nilikuwa sijui haya: wakala wa kampuni inayosambaza filamu alikuwa amemwahidi onyesho mwishoni mwa Aprili. Ukumbi wa maigizo, kioo kikubwa, Kikundi ndio wenyeji, na kaka ndiye wa kupanda jukwaani kueleza historia ya bendi. Sasa wakala amechukia. Amesema hawezi kufanya sherehe na watu wanaomwita mwongo redioni. Ama aliyesema arudi kwenye kipindi kile kile aombe radhi, ama hakuna onyesho.

"Sema tu umekosea," kaka akasema. "Dakika moja. Nani atakumbuka?"

"Nitakumbuka mimi."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mdogo wangu."

"Sijashindwa, kaka. Nimeombwa nishindwe, ni tofauti."

Hapo akavua miwani. Akasema, "Miaka yote nimefundisha. Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani na soda. Hili onyesho nilikuwa nalisubiri kuliko nilivyousubiri mwaka wa kustaafu. Sina kingine cha kusubiri. Umenielewa?"

Nilimwelewa, na iliniuma. Lakini mdomo wangu ukasema, "Wameyaongeza yale makofi, kaka." Akavaa miwani akaondoka.

Mama alikuwa akisikiliza chumbani. "Mnawagombania tena wale wapiga kelele?" akauliza. Mama anaishi nami, na hajawahi kukaa mpaka mwisho wa wimbo mmoja wa Wale Wanne. Ukianza tu, yeye hubeba kiti chake akaenda barazani. Tumemzoea hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kaka hajapiga simu. Mimi pia sijapiga; kama ni kununa, hata mimi najua.

Jumamosi, 22 Machi

Paa limetoboka juu kabisa ya kitanda cha Mama. Tumeweka ndoo, ndoo ikajaa, tukahamisha kitanda sebuleni. Fundi wa paa anasema hapandi mpaka kukauke. Mama anasema na yeye hahami sebuleni mpaka fundi apande. Barazani nako kumelowa, hakukaliki.

Jumatatu, 24 Machi

Katibu ameleta makoti yake meupe. Ameniambia kwa upole kwamba wanakikundi wengi wananiona nimewaharibia. Nimemwuliza kama anataka makoti yatiwe wanga. Akasema kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Jioni, kabla ya kula, nikaweka kanda ya zamani. Nilitaka kuisikia "Leta maji" kwa masikio yangu, nijipe nguvu. Mama alikuwa kitandani pale pale sebuleni, anachambua mchele kwenye sinia, hana pa kukimbilia. Aliguna mara moja akaendelea na mchele wake. Wimbo wa tatu ukafika, moshi ukatoka, Filimbi akageuka, na sauti ikatoka: "Leta maji!"

Mama akainua kichwa. "Rudisha hapo."

Nikafurahi. Nikadhani hatimaye bendi imempata. Nikarudisha.

"Leta maji!"

"Huyo ni mimi," Mama akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka sinia chini.

"Huyo ni mimi, wewe mtoto. Pazia la jikoni lilishika moto. Nilikuwa na sufuria mkono mmoja, nikawaita, leta maji! Mlikuwa watatu humo ndani, wewe na kaka yako na mjomba wenu na kamera yake. Hakuna aliyeinuka. Nikalizima kwa kanga niliyovaa. Nilipotoka kuja kuwatazama nikawakuta mmekumbatiana mnarukaruka mbele ya televisheni."

Nikarudisha tena. Tena. Mara ya kwanza kusikia sauti ya mama yangu akiwa kijana, na nimekuwa nikiisikia maisha yangu yote.

"Ulitupiga siku ile?" nikauliza.

"Niliwapiga. Mkasema hamjasikia kitu. Nikaona basi, wamenidharau, nyumba inaungua na wao wanacheza." Akaichukua sinia yake. "Ndiyo maana siwapendi hao watu. Si kelele tu."

Nilikumbuka kipigo. Sababu yake nilikuwa nimeisahau, maana enzi hizo tulichapwa kwa mengi. Nilipiga magoti pale kando ya kitanda nikamwomba radhi, na nililia, nisiandike uongo. Mama akanipigapiga mgongoni, halafu akasema, "Kwa hiyo lile neno ambalo uliwaambia watu redioni kwamba wazungu wamelifuta kwa sababu ni letu…"

"Ndiyo, Mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda kwa kaka kumweleza, huku natota. Alinipa taulo. Kisha akauliza, "Lile pazia lilikuwa la maua mekundu?" Nikasema ndiyo. "Niliona limebadilishwa," akasema, "nikadhani amechoka nalo." Akafunika uso kwa mikono, na mabega yakamtikisika, na sikujua ni kicheko au ni kitu kingine. Pengine yote.

Alipotulia akarudi kuwa mwenyekiti. "Basi yamekwisha. Hakusema. Umekosea, na unajua umekosea. Nenda Alhamisi ijayo kaombe radhi, onyesho lirudi."

Nimemwambia nitakwenda. Alinisindikiza mpaka nje na mwavuli wake, ameuinamisha upande wangu zaidi.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Siku nne nageuza jambo hili kama shuka lenye doa.

Nimekosea neno, hilo halina mjadala. Na nikilikosea hilo, ambalo ningeliapia, je, mengine? Nimeitazama tena kanda nzima, nikijilazimisha kutafuta nilipokosea. Nimegundua kwamba kikohozi tulichosema ni cha Bubu ni cha mjomba. Mlango unaogongwa kabla ya wimbo wa mwisho ni wetu. Nusu ya tulivyovipenda ni nyumba yetu.

Lakini kijiti kinaanguka. Ubeti unasahauliwa. Watu ni wachache na wale wanne hawajali. Hayo hayakutoka jikoni kwetu. Nikisema nimekosea yote ili nimfurahishe kaka, nitakuwa nami nimeongeza makofi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda studio mwenyewe. Ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa mablanketi, na mvua juu ya bati ilikuwa kubwa hata mtangazaji akaniambia nisogee nimeze kipaza sauti. Alikuwa ameambiwa na wakala nini cha kutarajia. Alinikaribisha kwa sauti ya msibani.

Nikasema, "Nimekuja kusahihisha. Nilisema wamelifuta neno la Filimbi. Si kweli. Filimbi hakulisema. Aliyelisema ni mama yangu mzazi, akiwa jikoni, pazia linaungua, na kamera ya mjomba ikamnasa. Naomba radhi kwa kampuni. Naomba radhi kwa Filimbi, tumemsingizia lugha. Na kwa mama yangu, aliyezima moto peke yake huku watoto wake wakishangilia, naomba radhi mbele ya mji mzima."

Mtangazaji alicheka hadi akazima kipaza sauti chake. Aliporudi akasema, "Kwa hiyo, mama, unayaondoa maneno yako?"

"Neno moja. Mengine yako pale pale."

Akakodoa macho. Akanionyesha kwa kidole mlangoni, nadhani wakala alikuwa nje, lakini mimi nilikuwa nimeshafika na sikuona sababu ya kugeuka. "Kukosea si kosa," nikasema, "kurudia kosa ndio kosa, na mimi kosa langu lilikuwa kusikia kisichokuwepo. Basi siwezi leo kujifanya nasikia makofi ambayo hayakuwepo. Lile ghala lilikuwa tupu. Kijiti kilianguka. Atakayenionyesha kwamba hakikuanguka, nitarudi hapa kuomba radhi mara ya pili."

Taa ya simu ikawaka. Sauti ikasema, "Mimi ni mwenyekiti wa Kikundi, na kwa bahati mbaya ni kaka yake."

Nikajua nimekwisha.

"Dada yangu anasema ghala lilikuwa tupu," akasema. "Sawa. Hao vijana walitaka lijae. Ndoto yao ilikuwa hiyo. Kuna ubaya gani kuwapa sasa?"

"Walipiga bila kupewa, kaka. Ukiwapa sasa unawanyang'anya walichokifanya."

"Wewe hujawahi kusimama mbele ya darasa ambalo nusu wamelala. Mimi nimesimama. Angekuja mtu akaniongezea makofi, hata ya uongo, ningemshukuru."

Hakuwa anaongea kama mwenyekiti tena. Mvua ilikuwa inapiga bati na mtangazaji alikuwa ameacha kunionyesha mlango. Nikasema, "Mwanafunzi wako wa kwanza nilikuwa mimi, pale sebuleni. Mimi sikulala."

Akakohoa. "Besi ya Bubu haisikiki kwenye kanda yako."

"Haisikiki," nikasema. "Hiyo nakupa."

"Na picha ni giza."

"Giza si kosa la bendi."

"Hata pazia si kosa la bendi, lakini Mama hawapendi mpaka leo!"

Mtangazaji akakata, akaweka tangazo la godoro.

Jumamosi, 5 Aprili

Wakala ameshikilia neno lake: hakuna onyesho. Kikundi kimekutana bila mimi. Wamemwondoa kaka kwenye uenyekiti kwa kushindwa kumdhibiti ndugu yake, na Katibu ameshika nafasi. Mimi nimefukuzwa, jambo lililochukua muda mfupi kuliko kufungua kikao.

Nimekwenda kwa kaka. Hakufungua, na redio ilikuwa inasikika ndani.

Mama ameniambia, "Umemponza kaka yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na kesho ungesema hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi usinililie hapa, kitanda kimelowa vya kutosha."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mpiga Pasi anasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nimemwambia ashike pasi.

Alhamisi, 17 Aprili

Katibu ameleta makoti. Nimeyatia wanga mpaka yanasimama yenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ndiyo ingekuwa siku ya onyesho. Nilipita mbele ya ukumbi wa maigizo nikitoka kupeleka mashuka. Ulikuwa umefungwa, maji yamejaa ngazini. Nilimwona kaka upande wa pili wa barabara, amesimama na ule mwavuli, amevaa suti aliyoivaa siku ya kuagwa shuleni. Sikuvuka. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na nilijikasirikia mimi pia, kwa kuwa hata hapo, hata nikimwona hivyo, moyo wangu haukukubali kusema yale makofi ni ya kweli.

Jumapili, 4 Mei

Manyunyu. Mama ameomba nimwekee kanda. Anataka kusikia wimbo wa tatu tu, mahali pake. Amesema sauti yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 10 Mei

Jua! Fundi wa paa amepanda tangu asubuhi, na Mpiga Pasi amefuta kamba zote za uani. Mashuka yote nje. Dobi anayependa kazi yake siku kama hii hana haja ya kwenda mbinguni.

Tulikuwa na mashine inazunguka kwa kishindo kaka alipoingia, amebeba mfuko wa mashati. Hakusalimu. Akautupa mfuko kwenye kaunta kama amekuja kulipa kisasi.

"Nimekuwa nikizitazama zote mbili," akasema. "Wimbo kwa wimbo. Yako na yangu."

"Peke yako?"

"Nina mtu gani? Kikundi umenifukuzisha." Akainama kwenye kaunta. "Sikiliza. Mwisho wa wimbo wa mwisho, nyuma kabisa mlangoni, kwenye kanda yako kuna giza tu. Kwenye hii safi kuna mlinzi. Ana funguo mkononi. Amekuja kuwatoa, muda umekwisha. Mtazame: anasimama, anainua mkono ili awakatishe, halafu anaushusha. Halafu mguu wake unaanza kupiga. Alikuja kuwafungia mlango, akabaki! Miaka yote hii hatukumwona, na bila ile unayoiita udanganyifu tusingemwona mpaka tunakufa. Bisha!"

Mpiga Pasi aliacha kazi kabisa. Macho ya kaka yalikuwa yamewaka vile nilivyoyaona mara ya mwisho nikiwa darasa la tatu, na nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba kwenye ghala nusu tupu jioni kuna baridi, na mtu mwenye baridi hupigapiga mguu.

"Unanisikia?" akasema. "Bisha basi!"

Nikamwambia asubiri nizime mashine, nimsikie vizuri kabla sijamkatalia.